Kipimo cha Watu Wawili

Mitole, Kilwa
12 Februari 2023

Wifi yangu Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mumeo, na kwamba vitenge vyako vinatoka sokoni. Huku Mitole tunaendelea. Mvua imeanza, na mvua ikianza miguu yangu huanza nayo, lakini darasani naingia.

Umenifungia simu. Nikipiga haiiti, ujumbe haufiki. Barua haifungiwi, ndiyo maana nimempa mwalimu mwenzangu Yassini, anayekuja Lindi kufuatilia uhamisho wake. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mumeo Cletus, maana mdogo wangu namjua. Angewashia jiko.

Najua kilichokuudhi. Siku ya sendofu yako, kwenu walipokuaga uje kwetu, niliuliza, "Hivi mmeshapima?" Shangazi zako wakadhani nasema ukimwi, wakanitoa ukumbini kama mbuzi aliyeingia kanisani. Hata hawakuningoja nimalize sentensi. Watu wazima wanne, wamevaa sare, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba duniani kuna vipimo viwili.

Sasa namalizia sentensi yangu. Mimi nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ile hadithi ya vidonda vya tumbo waliyokupa ni uongo wa mumeo, na mama yetu Bertha akaushikia mwavuli. Nimezaliwa nayo. Mdogo wetu Modesti alizaliwa nayo pia, akafa ana miaka minne, vidole vimevimba kama maandazi, huku mama akizungushwa kwa waganga kutoka Njinjo mpaka Kikole. Cletus alikuwepo. Alibeba maji ya kuoshea maiti ya mdogo wake. Leo anakwambia kwetu hakuna ugonjwa.

Kabla hujashika mimba, nendeni mkapime damu, wewe na yeye. Ni hilo tu. Shangazi zako wasalimie, wale wanaosikia nusu.

Wifi yako,
Theresia


Lindi
26 Februari 2023

Kwa Wifi Theresia,

Milele amina. Sisi wazima, wala hatujaomba kuuguzwa. Shikamoo nilikuwa nikuandikie, nikaona niiweke kwanza, maana mtu anayeombea nyumba ya mwenzake ugonjwa sijui anasalimiwaje.

Barua yako nimeisoma. Nimemsomea na Cletus, amecheka mpaka akaweka kijiko chini. Anasema tangu utoto wewe ukiumwa lazima kila mtu alale na njaa. Anasema yeye hajawahi kulazwa hata siku moja, anabeba injini ya pikipiki mgongoni mwenyewe kutoka barabarani mpaka dukani. Huyo ndiye mgonjwa wako?

Na kwetu Ndanda tumezaliwa tisa, wote tumesimama kama mikorosho. Bibi yangu amekufa akiwa na meno yake. Ukimwi tulipima kabla ya ndoa kutangazwa, tuko salama, na padre alifurahi. Unataka nini kingine? Tupimwe na masikio?

Nikwambie ukweli wifi. Una miaka thelathini na minne, hujaolewa, hujazaa, halafu unakaa huko Mitole kuwaandikia wenye ndoa namna ya kuzaa. Mama mkwe amehamia hapa kwangu kusubiri mjukuu. Nikipata mimba nitakujulisha. Mpaka hapo, sahihisha madaftari.

Mke wa mdogo wako,
Yustina


Mitole, Kilwa
5 Machi 2023

Wifi yangu mwenye meno ya ukoo,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo na Cletus ameokota kijiko chake.

Kwanza, sijaolewa kwa sababu wanaume wawili waliokuja walipoambiwa ninavyoumwa walikumbuka ghafla kwamba wana safari. Sikuwalilia. Mwanamume anayekimbia neno atakimbia na nyumba ikiwaka moto.

Pili, unaandika kama mtu ambaye hajawahi kukaa na mgonjwa wa selimundu hata alasiri moja, kwa hiyo nakusamehe, lakini sikupongezi. Maumivu yenyewe ni kama mtu anaingiza mikono ndani ya mifupa yako na kuipindua kama anayekamua nguo. Nilikuwa na miaka saba nilipopelekwa hospitali kwa mara ya kwanza, na hata huko jina la ugonjwa lilitajwa baada ya Modesti kufa. Kabla ya hapo nilichanjwa, nikafukizwa, nikavalishwa hirizi, na shangazi mmoja alisema nadeka. Modesti hakufika hiyo miaka saba.

Tatu, hilo la injini ya pikipiki. Nakuandikia polepole, kama ninavyowaandikia ubaoni watoto wa darasa la tatu, na wao walielewa. Kila mtu ana vinasaba viwili vinavyotengeneza damu yake. Kimoja kapewa na baba, kingine na mama. Mimi nilipewa vibovu vyote viwili. Aliyepewa kibovu kimoja na kizima kimoja haumwi. Anabeba injini, anacheza mpira, anaoa, anacheka mpaka anaweka kijiko chini. Mama yangu haumwi. Baba hakuumwa, alikufa kwa ajali. Lakini kila mmoja wao alikuwa na kibovu kimoja, ndiyo nikatokea mimi. Kwa hiyo nguvu za Cletus hazituambii chochote. Wala ninyi tisa mliosimama kama mikorosho.

Mkikutana wawili mlio hivyo, kila mimba mnabahatisha. Katika njia nne, moja inamleta mtoto kama mimi. Na mimba inayofuata mnaanza upya, haikumbuki iliyotangulia.

Hapo hospitalini kwenu kuna nesi anaitwa Monika, anawashauri wanaojiandaa kupata mtoto. Kama Cletus haendi, nenda peke yako. Usipokutwa na hicho kibovu, niandikie matusi kurasa nzima, nitazisoma kwa sauti mbele ya walimu wenzangu.

Wifi yako,
Theresia


Lindi
22 Julai 2023

Wifi Theresia, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za siku nyingi, habari za miguu? Hapa tunaendelea. Nimekaa muda bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa sina cha kuandika, halafu nikawa nacho nikakosa pa kuanzia.

Nilikwenda. Nilikwenda ili nikukomeshe, usifikiri vingine. Barua ya matusi nilikuwa nayo kichwani tayari, ilikuwa na neno "mchawi" mahali pawili.

Nesi Monika ni mwanamke mfupi, sauti ya chini, anakutazama mpaka umalize. Akaniuliza, "Umekuja na nani?"

Nikasema, "Peke yangu."

"Mume yupo?"

"Yuko dukani. Hana shida yeye."

Hakucheka. Akasema, "Hiki ni kipimo cha watu wawili, mama. Lakini tuanze na aliyekuja."

Damu ilipelekwa mbali, majibu yakachukua wiki nyingi. Nilipoitwa, akafunga mlango, akaniambia nina kinasaba kibovu kimoja. Siumwi wala sitaumwa. Nikamwambia haiwezekani, kwetu tuko tisa wazima. Akasema, "Wazima ndiyo, na huenda nusu yenu mnacho. Hakuna aliyewahi kuoana na mwingine mwenye nacho, basi."

Wifi, nilikaa kwenye benchi la nje mpaka wakafunga dirisha la dawa.

Jioni nikamwambia Cletus. Alikuwa anakula samaki. Unajua alisema nini? "Kumbe ugonjwa uko kwenu." Nikamwambia, "Cletus, anayeumwa ni dada yako, tumbo moja na wewe." Akatoa mwiba mdomoni, akasema, "Dada alirogwa." Mwanamume ana duka, ana simu mbili, anajua bei ya kila skrubu Lindi nzima, halafu dada alirogwa! Mama mkwe akadakia kwamba mimi nimeleta mkosi. Kila asubuhi ananiangalia tumbo kama anaangalia sufuria ambayo haijachemka.

Nimekufungulia simu, lakini wananisikiliza nikiongea. Andika tu.

Wifi yako,
Yustina


Hospitali, Kilwa
3 Agosti 2023

Yustina,

Marahaba wifi. Usishtuke kwa mwandiko, nina sindano ya maji mkononi. Wiki ya pili hii. Nitatoka.

Kwa hiyo Cletus ni mzima wa kutosha kukulaumu, ila si mzima wa kutosha kutoa damu kijiko kimoja. Nilimfundisha mimi huyo kufunga kamba za viatu. Ningejua, ningemwacha ajikwae.

Mama nimeongea naye kwa simu. Nikamwuliza, "Mama, Modesti alirogwa na nani?" Akasema jina la jirani ambaye alikufa zamani, hawezi kujitetea. Nikamwambia, "Basi ukitaka na mjukuu wa kumzika, endelea kumtetea mwanao." Alinikatia. Nimelia baada ya hapo, sitakuficha, lakini sikuyafuta niliyosema.

Wewe usibishane na Cletus. Mwambie mimba hakuna mpaka apime. Nenda kwa Nesi Monika akupe uzazi wa mpango, na kitandani weka mto katikati. Cletus hajawahi kumaliza mwezi bila anachokitaka. Atakwenda mwenyewe.

Wifi yako,
Theresia


Lindi
15 Oktoba 2023

Wifi Theresia, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Umetoka? Unakula? Nimempa Mwalimu Yassini karanga na samaki wa kukaanga akuletee, na nimemwambia nimewahesabu.

Mto ulifanya kazi.

Cletus alikwenda kupima na kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi kama mwizi wa kuku. Tulikutana na mteja wake mlangoni, akamwambia, "Nimemsindikiza mke wangu, wanawake hawa!" Ndani, kabla ya sindano, akamwuliza Nesi Monika kama damu ya mwanamume inaweza kukosewa maabara.

Majibu tuliitiwa wote. Anacho kimoja, kama mimi.

Alivaa kofia yake. Halafu akainuka, akasema, mbele yangu, nimekaa pale, "Basi mimi nitatafuta mwanamke mwenye damu nzima."

Nesi Monika akafunga kalamu yake. Akasema, "Na huyo naye utampima, au utamwangalia machoni?"

Cletus akashika kitasa cha mlango.

"Kaa chini, baba. Hapa siandiki talaka. Nawaeleza mlivyo, kuamua ni kwenu. Mnaweza kuzaa. Mnaweza kuamua msizae. Mnaweza kulea mtoto aliyezaliwa na wengine. Mkizaa, mtoto atapimwa tangu siku za kwanza, na akikutwa nayo ataanza dawa mapema, na atakua. Msichoweza kufanya kuanzia leo ni kusema hamkujua."

Alitoka bila kuaga. Alikwenda Njinjo kwa baba mdogo, yuko huko mpaka leo. Nasikia anawaambia watu amekwenda kuangalia ufuta. Ufuta ulishavunwa, wifi. Hata kudanganya hajui.

Mama mkwe amebaki na mimi. Tunapishana jikoni kama wapangaji.

Sasa nina swali, na sina wa kumwuliza ila wewe. Usiku mmoja wakati bado yupo aliniambia, "Dada anatuambia tupime ili asizaliwe mwingine kama yeye." Nilimwona mpumbavu, lakini neno lenyewe limenikaa. Ni kweli? Ungetaka baba na mama wangepima, halafu wewe usiwepo? Nikipata jibu lako nitajua la kufanya na maisha yangu.

Wifi yako,
Yustina


Mitole, Kilwa
29 Oktoba 2023

Yustina wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimetoka, nakula, samaki walikuwa pungufu mmoja, nimemwuliza Yassini na ameangalia pembeni.

Barua yako ilinikasirisha nikaitupa chini ya kitanda. Halafu nikaitoa.

Swali hilo nimeulizwa na watu wengi, wifi, ila wao huwa hawaandiki. Wanalitamka kwa macho. Manesi wengine wanaliuliza wakinitafuta mshipa. Mwalimu mkuu wetu aliliuliza pale aliposema, "Si upumzike tu nyumbani, unajitesa nini?" Wote nimewadharau, kila mtu kwa kipimo chake. Wewe umeniuliza kwa maneno, kwa hiyo nakujibu kwa maneno.

Hapana. Singetaka nisiwepo. Napenda kuwepo. Napenda mtoto aliyeshindwa kusoma Januari akisoma ukurasa mzima Juni huku jasho linamtoka puani. Napenda chai ya tangawizi, napenda kuwasema watu, kama ulivyoona. Siku za maumivu nataka yaishe yale maumivu. Sijawahi kutaka niishe mimi.

Kinachonichoma ni kwamba nilikuja kwenye nyumba ambayo haikunijua. Miaka saba mama alinichanja wembe kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu. Modesti aliwaka homa siku tatu amelala kwenye mkeka, na watu wazima wamekaa kuzungumzia nani kamroga. Dawa zilikuwepo, wifi. Barabara ilikuwepo.

Kwa hiyo nikisema mpime, sisemi msimzae. Wala sisemi mzaeni. Ukiamua hutaki kubahatisha, nitakuheshimu, na atakayekusema nitumie jina lake. Ukiamua kuzaa, uzae ukiwa macho. Mtoto akute watu wazima waliokwisha kulia, waliokwisha kugombana, na sasa wanajua homa ikipanda wanakimbilia wapi.

Huyo mumeo asiongee kwa niaba yangu tena. Hajawahi kukesha na mimi hata mara moja.

Wifi yako,
Theresia


Lindi
8 Juni 2025

Wifi yangu Theresia, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Najua siku hizi tunaongea kwenye simu, lakini haya nimeona niyaandike, nikiyasema sauti inanikatika, na mimi sipendi.

Cletus aliporudi kutoka Njinjo, ule mwezi wa Desemba, hukuniuliza tulimalizanaje, na nakushukuru. Nilimpa barua yako ya Oktoba. Aliisoma amesimama mlangoni na begi begani. Akaisoma tena. Akasema, "Siku anakufa Modesti mimi nilitumwa kuita gari, nikaogopa giza, nikarudi nikasema halipo." Alikuwa na miaka tisa, wifi. Nikamwambia, "Kwa hiyo ulipoogopa ukiwa na miaka tisa, ukaona uendelee tu mpaka thelathini?" Sikumhurumia. Ila nilimfungulia.

Tulikwenda kwa Nesi Monika pamoja, mara nyingi, akiwa hana kofia. Miezi sita mizima hatukuamua kitu. Halafu tukaamua. Katarina alizaliwa mwezi wa nne, hayo unayajua.

Majibu yake yametoka Alhamisi. Anavyo vibovu vyote viwili.

Mimi nilikuwa nimejiandaa, au nilidhani. Nilimshika nikamwambia, "Karibu mama, tulikuwa tunakusubiri," halafu Nesi Monika akanivutia kiti. Cletus alitoka kwenye korido akalia kwa sauti, wagonjwa wote wakageuka. Nilimwacha alie. Aliporudi, macho mekundu, akamwuliza nesi, "Hiyo penisilini nampaje? Nionyeshe tena, nilikuwa sioni vizuri." Akaonyeshwa. Sasa asubuhi na jioni anampa yeye, hataki niguse chupa.

Tulipofika nyumbani mama mkwe akaweka mikono kichwani, akaanza, "Nilisema mkosi, nilisema!" Akataka kumpeleka mtoto kwa mtu fulani Kikole akachanjwe. Nikampisha Cletus aseme, nikangoja. Akawa anaangalia sakafu. Nikasema mwenyewe: "Mama, shikamoo. Mtoto huyu hatachanjwa na mtu. Ukimpenda, mwogeshe, maji ya vuguvugu yapo. Ukimwita mkosi mara ya pili, basi la Kilwa linaondoka alfajiri."

Basi hajapanda. Leo amemwogesha. Wakati wa kumfuta alimshika vidole, kimoja kimoja, akavitazama muda mrefu.

Wifi, ninaogopa. Niambie nifanye nini.

Yustina


Mitole, Kilwa
12 Juni 2025

Yustina,

Barua yako imefika leo mchana. Nimefundisha vipindi vyote vilivyobaki, kisha nimefunga mlango nikalia, na sasa nimemaliza.

Mnyonyeshe kila anapotaka. Asipigwe na baridi, lakini usimfunike kama kifurushi. Chandarua kila usiku. Jioni mguse bandama kama nesi alivyokufundisha, na ukiona limevimba au mtoto amepauka, nenda. Homa ikipanda usiku, mnakwenda usiku huo huo. Hamngojei kukuche, hamngojei mtu wa kuwashauri. Kuogopa utaogopa, hata mimi sijaacha. Unaogopa huku unatembea.

Mama mwache na vile vidole, anaviona vya Modesti. Usimwambie kitu.

Shule inafunga wiki hii, nakuja Jumamosi, nitakaa mwezi mzima. Niandalie mahali pa kulala pasipo na upepo, na shangazi zako waalike siku moja, nataka kuwaona tena.

Na huyo baba Katarina mwambie, akitaka kulia tena, alie huku anachemsha maji ya mtoto.

Wifi yako, na shangazi wa Katarina,
Theresia